Nguvu Inayoondoka na Mvua: Jinsi Udongo Usioshiba Maji Unavyopimwa

Miteremko mingi ya Hong Kong, ukiipigia hesabu kwa vipimo vya kawaida vya maabara, ilitakiwa iwe imeporomoka zamani. Ni mikali mno, imechongwa kwenye graniti na riolaiti iliyooza ikawa udongo, na majengo ya ghorofa yamepangwa chini yake na juu yake. Miaka nenda miaka rudi inasimama. Kisha inakuja mvua ya siku mbili tatu mfululizo, na mmojawapo unashuka. Tarehe 18 Juni 1972 maporomoko mawili, la Sau Mau Ping na la Barabara ya Po Shan, yaliua watu zaidi ya 130 kwa siku moja. Mwaka 1976 Sau Mau Ping ikaporomoka tena, na mwaka uliofuata ikaundwa ofisi maalumu ya serikali ya kusimamia miteremko. Wahandisi wake walikuwa na maswali mawili yaliyoonekana kupingana: kwa nini miteremko hii inaanguka, na kwa nini haikuanguka mapema zaidi?

Jibu la yote mawili ni maji, ila yanafanya kazi kwa namna mbili tofauti. Udongo ulio chini ya usawa wa maji ya ardhini umeshiba: kila nafasi kati ya chembe imejaa maji, na shinikizo la maji hayo linazisukuma chembe zisikazane. Karl Terzaghi alilieleza hilo katika miaka ya 1920, na hesabu yake imejenga karibu kila bwawa na kila msingi wa jengo kubwa tangu wakati huo. Chukua mgandamizo wote, toa shinikizo la maji, kinachobaki ndicho kinachozalisha msuguano. Lakini juu ya usawa huo, mahali ambapo miteremko mingi huishi karibu mwaka mzima, nafasi zina maji na hewa pamoja. Maji yamejibana kwenye kona ambako chembe zinagusana, uso wake umejikunja, na shinikizo lake liko chini ya lile la hewa. Badala ya kuzitenganisha chembe, yanazivuta. Tofauti kati ya shinikizo la hewa na la maji ndiyo inayoitwa mfyonzo, na udongo unavyozidi kukauka ndivyo unavyopanda.

Tuone uzito wake kwa tarakimu. Chukua mteremko wa digrii 35, wenye tabaka linaloweza kuteleza kwa kina cha mita 2, uzito wa udongo kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, pembe ya msuguano digrii 33, bila mshikamano wowote. Nguvu inayolivuta tabaka hilo kushuka ni karibu kilopaskali 17. Msuguano unaolizuia ni chini kidogo ya 16. Kwa hesabu hiyo mteremko umeshaanguka. Sasa ongeza mfyonzo wa kilopaskali 50, kiasi cha kawaida tu wakati wa kiangazi, na tuseme kila kilopaskali ya mfyonzo inachangia kwa pembe ya digrii 15. Nguvu inaongezeka kwa zaidi ya kilopaskali 13, na uwiano wa usalama unaruka kutoka 0.93 hadi 1.7. Mteremko uleule umetoka kwenye hatari ukawa imara, na hakuna aliyeugusa. Mvua ikiingia mpaka ule mfyonzo ukaisha, mteremko unarudi ulikotoka.

Kwa hiyo anayeingia maabara kupima nguvu ya mkato ya udongo wa namna hii, yaani uwezo wake wa kuzuia tabaka moja lisiteleze juu ya jingine, ana kazi mbili kwa pamoja. Anapima nguvu, na anapima au kuudhibiti mfyonzo uliokuwapo wakati nguvu hiyo inapimwa. Kazi ya kwanza tumeifanya kwa karne nzima. Ya pili ndiyo inayokula muda, fedha na uvumilivu.

Nadharia tuipitie haraka. Alan Bishop wa Imperial College, London, mwaka 1959 alipendekeza kuurekebisha mlinganyo wa Terzaghi kwa kuongeza mfyonzo uliozidishwa kwa kigezo kati ya 0 na 1: 0 udongo ukiwa mkavu, 1 ukiwa umeshiba. Mwaka 1962 Jennings na Burland wakaonyesha udhaifu wake: kuna udongo ambao ukiloweshwa huku umebeba mzigo unaporomoka ndani kwa ndani na kupungua ujazo, wakati mlinganyo ule unadai utavimba. Mwaka 1977 Fredlund na Morgenstern nchini Kanada wakaamua kuacha kuulazimisha mgandamizo na mfyonzo kukaa katika namba moja. Kila kimoja kikapewa mhimili wake, na mwaka uliofuata nguvu ya mkato ikaandikwa kama jumla ya vitu vitatu: mshikamano, msuguano unaotokana na mgandamizo, na nguvu inayotokana na mfyonzo yenye pembe yake yenyewe. Pembe hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa kitu cha kutafutwa maabara.

Kuitafuta si rahisi, na sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Mfyonzo wa kilopaskali 100 maana yake ni kwamba shinikizo la maji limeshuka kilopaskali 100 chini ya lile la hewa inayotuzunguka. Maji ndani ya mirija ya kawaida ya maabara hayakubali kushuka hivyo. Kabla ya kufika huko yanatoa viputo, mrija unajaa mvuke na hewa, na geji inasoma upuuzi. Pwani, ambako hewa ina shinikizo la karibu kilopaskali 101, tensiomita ya kawaida, yaani chombo cha kupimia mfyonzo, hukomea kwenye 80 na kitu. Jijini Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ina kama kilopaskali 83 tu, kwa hiyo chombo kilekile kinakata tamaa mapema zaidi. Mtu akinunua kifaa kwa kusoma karatasi ya mtengenezaji aliyekijaribu usawa wa bahari, akakipeleka Nairobi au Mbeya, asishangae.

Njia ya kulikwepa tatizo hilo ilitoka kwa Jack Hilf wa Marekani mwaka 1956, naye alikuwa akishughulika na udongo wa kushindilia mabwawa. Kwa kuwa kilicho muhimu ni tofauti kati ya hewa na maji, alisema, tuinue vyote viwili. Unataka mfyonzo wa kilopaskali 100? Usishushe maji hadi hasi 100. Pandisha hewa ndani ya sampuli hadi 150 na maji hadi 50. Tofauti ni ileile, na maji hayana sababu ya kutoa viputo kwa kuwa yako juu ya shinikizo la hewa ya nje. Karibu kila mashine ya kupima udongo usioshiba maji iliyotengenezwa baada ya hapo imesimama juu ya wazo hili.

Linalowezesha wazo hilo ni kisahani cha kauri kilichogundishwa chini ya sampuli. Vitundu vyake ni vidogo kiasi kwamba vikishajaa maji, hewa haiwezi kupenya mpaka shinikizo lifike kiwango fulani, lakini maji yanapita. Kisahani cha bar 1 kinastahimili tofauti ya kama kilopaskali 100, cha bar 5 kilopaskali 500, cha bar 15 kilopaskali 1,500. Ubaya ni kwamba kadiri vitundu vinavyokuwa vidogo ndivyo maji yanavyopita polepole. Ukitaka mfyonzo mkubwa, unaulipia kwa kungoja.

Na kungoja kwenyewe ni siku, mara nyingi wiki. Katika mashine ya triaksia, sampuli yenye umbo la silinda, tuseme kipenyo milimita 50 na urefu milimita 100, inavikwa mpira mwembamba, inawekwa kwenye chemba yenye maji ya shinikizo, kisha inagandamizwa kutoka juu mpaka ivunjike. Kabla ya kuigandamiza, mfyonzo lazima uwe sawa kuanzia chini hadi juu, na maji yote yanapita upande mmoja tu, kwenye kisahani. Katika sanduku la mkato sampuli ina unene wa milimita 20 hivi. Kwa kuwa muda wa maji kutulia unakua kwa mraba wa njia yanayopita, sampuli ya milimita 100 inahitaji kama mara 25 ya muda wa ile ya milimita 20. Ndiyo maana watafiti wengi, wakiwamo Gan, Fredlund na Rahardjo mwaka 1988, walikirudia kisanduku cha zamani cha chuma chenye nusu mbili, wakakifungia ndani ya chemba ya hewa, na kukifanya kitumike kwa kazi hii. Mimi pia ningeanzia hapo. Sanduku la mkato lina kasoro zake, kwani linaulazimisha udongo ukatike pale lilipokatwa lenyewe hata kama udhaifu uko kwingine, lakini lina faida ambayo maabara yenye bajeti ndogo haiwezi kuidharau: kipimo kinakwisha.

Wakati unangoja, hewa nayo haikai bure. Haipenyi kisahani kama viputo, lakini inayeyuka ndani ya maji ya vile vitundu, inatembea, na inatokea upande wa chini ikiwa viputo tena. Vikijikusanya chini ya kauri, vinakatiza mawasiliano ya maji na kuharibu hesabu ya kiasi cha maji kilichotoka. Dawa yake ni kusafisha njia hiyo kila siku kwa kusukuma maji, kupima hewa iliyotoka, na kuiondoa kwenye hesabu. Ni kazi ya fundi maabara, haimo kwenye vichwa vya habari vya ripoti yoyote, na ukitaka kujua kama matokeo yanaaminika, waulize mafundi kwanza juu ya kazi hiyo.

Kuna pia tatizo la ujazo. Katika udongo ulioshiba, maji yaliyotoka ni sawa na ujazo uliopungua, basi. Katika udongo wenye hewa sivyo: sampuli inaweza kusinyaa bila kutoa tone, kwa sababu hewa imebanwa. Bishop na Donald mwaka 1961 waliizungushia sampuli yao zebaki ndani ya chemba ndogo, wakasoma mabadiliko ya ujazo kwa kuangalia zebaki ikipanda na kushuka. Leo zebaki imeachwa kwa sababu za afya, na zinatumika chemba za kuta mbili au vipimo vinavyobandikwa kwenye sampuli yenyewe.

Turudi Hong Kong. Ho na Fredlund walichapisha mwaka 1982 vipimo vya triaksia vya udongo wa huko ambao haukuvurugwa. Tatizo lao lilikuwa lile la kila anayefanya kazi na udongo uliotokana na mwamba kuoza papo hapo: sampuli mbili zilizokatwa hatua moja kutoka kwa nyingine zinaweza kutofautiana kama udongo wa wilaya mbili. Ukipima moja kwa mfyonzo wa 50 na nyingine kwa 150, hujui tofauti unayoiona ni ya mfyonzo au ya udongo. Wao walitumia sampuli moja kwa hatua kadhaa: unaigandamiza mpaka inapokaribia kuvunjika, unaiachia, unapandisha mfyonzo, unaigandamiza tena. Mbinu hii ina hila yake, maana ukizidisha kidogo katika hatua ya kwanza umeshavunja muundo wa udongo, na hatua zinazofuata zinapima kitu kilichochoka. Hata hivyo walipata wastani wa karibu digrii 15 kwa graniti iliyooza na karibu 14 kwa riolaiti, wakati pembe ya msuguano ya kawaida ilikuwa kati ya digrii 33 na 35. Tafsiri yake: kilopaskali moja ya mfyonzo inafanya chini ya nusu ya kazi ya kilopaskali moja ya mgandamizo. Ile pembe ya digrii 15 niliyoitumia kwenye hesabu ya mwanzo ilitoka huko.

Baadaye ikaonekana kwamba kusema pembe moja ni kurahisisha mno. Kipimo cha Gan na wenzake, kwa udongo uliosagwa na barafu ya kale huko Kanada, kilionyesha mstari uliopinda. Mfyonzo ukiwa mdogo na udongo bado umejaa maji, pembe ni sawa na ya msuguano, digrii 25.5; mfyonzo ukipanda, pembe inashuka mpaka karibu digrii 7. Sababu inaeleweka bila hesabu nyingi. Mfyonzo unavuta pale tu penye maji. Udongo ukikauka, mvuto unaongezeka lakini eneo unalofanyia kazi linapungua. Katika mchanga mambo ni makali zaidi: nguvu hiyo inapanda kidogo kisha inaanguka hadi karibu sifuri, kwa kuwa maji yamekwisha. Anayechukua pembe iliyopimwa kwa mfyonzo wa kilopaskali 30 na kuinyoosha mpaka 300 anajitengenezea nguvu ambayo haipo.

Je, wazo la Hilf lenyewe ni la haki? Hapa wataalamu hawajakubaliana. Shambani hewa haipandishwi hadi kilopaskali 150. Iko palepale ilipo, na maji ndiyo yako hasi. Baker na Frydman mwaka 2009 walihoji kwamba kwa kuyanyima maji nafasi ya kutoa viputo, mashine zetu zinaweza kuwa zinapima tabia ambayo udongo wa nje hauna. Mwaka 1993, Ridley na Burland wa Imperial College walikuwa wameshafungua njia nyingine: tensiomita yenye kauri ya bar 15 na chumba cha maji kidogo sana nyuma yake, ambayo kwanza inabanwa kwa shinikizo kubwa ili kila mbegu ya kiputo iyeyuke. Ikishatayarishwa hivyo, maji yake yanastahimili hadi kilopaskali 1,500 chini ya hewa, kwa dakika hata saa kadhaa, bila kukatika. Inasoma mfyonzo wa kweli wa sampuli iliyo wazi. Mahali ambapo njia hizi mbili zimelinganishwa kwa udongo wenye hewa iliyoungana toka upande hadi upande, zimekaribiana vya kutosha. Wasiwasi ni pale udongo unapokaribia kushiba na hewa imebaki viputo vilivyofungiwa, kwani hapo kupandisha shinikizo la hewa kunabana viputo na kubadilisha sampuli yenyewe.

Hoja inayonisumbua mimi zaidi ni nyingine, na mhandisi Brand aliigusa huko Hong Kong mwaka 1981. Kipimo cha kawaida kinaushikilia mfyonzo pale ulipo na kuongeza mzigo mpaka udongo uvunjike. Mteremko hauvunjiki hivyo. Mzigo wake ni uleule wa jana na juzi. Kinachobadilika ni maji, yanaingia, mfyonzo unashuka, mpaka msuguano peke yake unashindwa. Tarehe 1 Machi 2010, poromoko lilipotokea huko Nametsi, Bududa, nchini Uganda, kwenye mabega ya Mlima Elgon, mlima haukuongezewa mzigo wa maana. Uliloweshwa. Kipimo kinachofuata njia hiyo kipo: unaiwekea sampuli mzigo wa mkato unaolingana na wa mteremko, unauacha, kisha unaingiza maji kidogo kidogo huku ukisoma inavyosogea. Kwa udongo mgumu na mzito jibu halitofautiani sana na la kawaida. Kwa udongo mwepesi wenye nafasi nyingi, ule unaoporomoka ndani kwa ndani, tofauti ni kubwa, kwa sababu ukivunjika haraka kuliko maji yanavyoweza kutoka, shinikizo linapanda ghafla na udongo unatiririka.

Maabara za Afrika Mashariki kwa kawaida huukimbia mjadala huu wote kwa kuiloweka sampuli. Sampuli ya CBR, kipimo cha uwezo wa udongo kubeba barabara, hulowekwa siku nne, na sampuli ya sanduku la mkato hujazwa maji kabla ya kusukumwa. Ni tahadhari nzuri na sitaipinga. Lakini inaacha maswali bila majibu: mteremko huu unavumilia mvua ya kiasi gani kabla ya kuanguka? Ukuta wa mchimbo wa msingi unaweza kubaki wazi kwa wiki ngapi? Kwa maswali hayo, mashine ya mamilioni siyo hitaji la kwanza. Hitaji la kwanza ni karatasi.

Karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 42, ukiiweka kati ya nusu mbili za sampuli ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, inanyonya maji mpaka mfyonzo wake ulingane na wa udongo. Zinawekwa tatu, ya kati ikiwa ndogo kidogo, nayo ndiyo inayopimwa. Za juu na chini zinaikinga isichafuke. Chupa inakaa wiki moja au zaidi mahali pasipobadilika joto. Kisha inakuja sehemu inayoamua kila kitu. Unafungua, unaikamata karatasi ya kati kwa koleo ndogo, unaitia kwenye kopo linalojulikana uzito na kulifunika, yote kwa sekunde chache, kwa sababu hewa inaanza kuikausha papo hapo. Mizani lazima isome hadi gramu 0.0001. Karatasi yenyewe kavu ina karibu gramu 0.2, kwa hiyo kosa la miligramu 2 ni asilimia moja ya unyevu, na upande wa udongo mkavu asilimia moja hiyo inabadilisha mfyonzo unaosomwa kwenye jedwali kwa karibu asilimia 20. Feni ya dari ikiwa inazunguka juu ya meza, zima kwanza.

Ukipata mfyonzo kwa unyevu mbalimbali, una mkunjo unaoonyesha udongo unavyoshika maji. Ukiwa na mkunjo huo na vipimo vizuri vya udongo ulioshiba, nguvu ya udongo usioshiba inaweza kukadiriwa. Vanapalli na wenzake mwaka 1996 walitumia kiasi cha maji kilichobaki. Khalili na Khabbaz mwaka 1998 walitumia uwiano wa mfyonzo uliopo na ule ambao hewa huanza kuingia. Makadirio haya hayawi sawa kila mahali, hasa kwenye udongo mweusi wa pamba wa Mwea au wa mbuga za Tanzania, ambao unavimba na kupasuka, na ambao kiangazi mfyonzo wake unapanda mbali mno kuliko kisahani chochote cha kauri kinavyoweza. Huko inabidi kutumia mvuke wa maji ya chumvi: chupa yenye maji yaliyoshiba chumvi ya mezani inashikilia unyevu wa hewa wa karibu asilimia 75, sawa na mfyonzo wa megapaskali 38 hivi.

Jambo moja zaidi linauhusu udongo wetu mwekundu. Bwawa la Sasumua, lililojengwa Kinangop miaka ya 1950 kuipa Nairobi maji, lilitumia udongo ambao vipimo vya unyumbufu wake viliwatia wahandisi hofu. Terzaghi alishirikishwa, na mwaka 1958 alieleza kwamba udongo huo una haloisiti, aina ya madini ya mfinyanzi, iliyojikusanya katika vibonge vigumu, na kwamba una nguvu kuliko namba zake zinavyosema. Haloisiti ikikaushwa inapoteza maji ya ndani na hairudi ilivyokuwa. Maabara inayoitia sampuli ya Kinangop au ya Elgon kwenye oveni, kisha inailowesha tena ili kuanza kipimo, inapima udongo mwingine.

Kwa hiyo ripoti ya kipimo cha namna hii naisoma kuanzia mwisho, kwenye viambatisho. Natafuta mfyonzo kabla ya mkato na baada yake, maana namba moja haitoshi. Natafuta kama sampuli ilifikishwa hapo kwa kukaushwa au kwa kuloweshwa, kwa kuwa udongo wenye unyevu uleule una mfyonzo tofauti kulingana na ulikotoka. Natafuta kasi ya kusukuma, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Triaksia ya udongo wa mfinyanzi, hatua tatu za mfyonzo, iliyoanza Jumatatu na kumalizika Ijumaa, nairudisha bila kufungua grafu.